Siku Niliyosema Mama Hajui Kusoma

Majuzi nilikwenda kwenye mkutano wa wazazi katika shule ya mdogo wangu Elia, hapa Buffalo, kwa sababu Mama alikuwa zamu kiwandani. Nilipofungua mlango tu, harufu ya dawa ya kung'arishia sakafu ikanipokea, imechanganyika na ya pitsa iliyopoa kwenye maboksi, nikasimama palepale mlangoni. Haikuwa harufu iliyonisimamisha. Ni aibu ya zamani, ambayo nilidhani nimeizika vizuri. Mezani kwa mwalimu palikuwa na simu. Siku hizi mzazi asiyejua Kiingereza anapigiwa mkalimani, mtu mzima aliyesomea kazi hiyo, asiyemjua mzazi wala mtoto. Niliitazama simu ile kwa wivu, maana zamani zetu mkalimani nilikuwa mimi, na nilikuwa na miaka kumi na mitatu.

Nyie wa rika langu mliokuja huku mkiwa wadogo mnaijua kazi hiyo. Shule inakupa Kiingereza kwa mwaka mmoja, nyumbani bado wanapapasa, na kufumba na kufumbua wewe ndiye unayempeleka mama kliniki, unayempigia mtu wa umeme, unayefungua barua. Kwetu barua zote zilikuwa zangu. Mama alizitoa sandukuni na kunikabidhi zikiwa zimefungwa, nami nilizisoma nimesimama jikoni, kisha nikamwambia yaliyomo kwa maneno matatu manne. Hakuwahi kuuliza kama ndiyo yote. Mtoto mwenye mamlaka ya namna hiyo huota pembe, na zangu ziliota mapema.

Sasa huyo Mama niliyekuwa nikimsomea barua alikuwa mwalimu. Kwetu Uvira, Kongo, alifundisha Kifaransa sekondari kwa miaka mingi, na hata tulipokimbilia kambini Burundi aliendelea kufundisha watoto wa watu chini ya turubai. Wanaume wenye ndevu zao walipokutana naye kanisani huku Marekani walivua kofia na kumwita Madame, kwa sababu aliwahi kuwasimamisha kona wakiwa wadogo. Baba alikuwa ameshafariki, nyumba tuliiacha, na kitu pekee chenye jina lake alichofika nacho ni diploma yake ndani ya mfuko wa nailoni. Mji wetu wa kwanza ulikuwa Louisville. Huko aliipeleka diploma kwa bwana mmoja wa kututafutia kazi, naye aliigeuza mbele na nyuma, akatabasamu, akamrudishia, kisha akamwandikisha kazi ya kukunja mashuka ya hoteli. Mimi ndiye niliyetafsiri. Tulipotoka nje Mama akaniambia, "Bon. Nitakunja ile mashuka. Lakini siku moja nitaingia tena mu klasi, hata kama ni ya kufuta ubao tu."

Maneno hayo aliyarudia mara nyingi, Louisville na baadaye Columbus, akikoroga bugali au akifunga viatu, bila kulalamika, kama mtu anayejikumbusha miadi. Kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba sikujua alichokitaka maishani. Nilikijua kuliko mtu mwingine yeyote.

Columbus tulihamia kwa ajili ya kazi za maghalani. Tulipata nyumba ya vyumba vitatu mtaa wa Northland, jirani na Morse Road, na chumba kimoja tukampangisha Mutua, Mkenya tuliyemfahamu kanisani. Alikuwa anasomea historia chuo kikuu, mrefu, mcheshi, mwenye koti moja la heshima alilolivaa hata kwenda kufua. Chuo chake kilimtaka afaulu mtihani wa kusoma Kifaransa, naye Kifaransa hakukijua hata cha kuombea maji. Wiki ya kwanza tu alimsikia Mama akimgombeza Elia, ambaye alikuwa bado mdogo wa kubebwa, kwa Kifaransa kilichonyooka.

"Mama Furaha!" akasema, akimwita kwa jina langu, mkono kichwani. "Kumbe solution iko ndani ya nyumba? Please, nisaidie. Hiyo exam itanimaliza."

Mama hakuombwa mara mbili. Alasiri aliporudi kutoka ghalani Hilliard, mikono ikinuka karatasi za maboksi, alinawa uso, akavaa miwani, akaketi mezani jikoni na daftari la Mutua mbele yake. Alisahihisha kwa wino mwekundu. Wakati wa kula ndipo alipokuwa mkali zaidi, maana hakumpitishia mtu mzima yule hata chumvi mpaka aiombe kwa Kifaransa, tena sentensi nzima, kuanzia mwanzo. Kuna siku Mutua alikula sombe, kisamvu chetu, bila chumvi kwa sababu alikwama katikati. Mama alicheka hadi akashika mbavu, lakini chumvi hakutoa.

Mimi niliona ni michezo ya watu wazima. Kifaransa cha kweli, kwa akili yangu, kilikuwa shuleni, ndani ya kompyuta, kwa sauti ya mwanamke aliyeitoa r yake kooni kama anayesafisha koo kwa adabu. Ya Mama ilibingirika ulimini. Basi nikakata shauri kwamba chake ni Kifaransa cha wakimbizi, kitu kilichochakaa njiani kama masanduku yetu. Siku moja nilimwambia, kwa Kiingereza, kwamba sivyo wanavyosema. Mutua ikabidi amtafsirie.

"Na banasema aje?" Mama akauliza, anacheka. "Unifundishe basi."

Nikamfundisha. Ndiyo, nilimketisha mwalimu wa Kifaransa nikamfundisha kusema Kifaransa, na yeye akarudia baada yangu, taratibu, kwa uso wa mwanafunzi mtiifu. Nilidhani nimemshinda.

Mwaka huo mwalimu wetu wa fasihi, Bi Hanley, alitupa kila mmoja swali moja kuhusu yule mwandishi mashuhuri wa tamthilia wa Uingereza ya miaka mia nne iliyopita. Langu lilikuwa: alijuaje Kifaransa? Baba yake alishona glavu. Chuo kikuu hakukikanyaga, wala hakuna ushahidi kwamba aliwahi kuvuka maji kwenda Ufaransa, lakini tamthilia yake moja ina onyesho karibu zima la Kifaransa, tena la kuchekesha, na mtu hachekeshi kwa lugha asiyoijua. Nilimpelekea Mutua swali hilo, naye akanichukua hadi maktaba. Tulirudi na vitabu vinne na Mutua akiwa na furaha kuliko mimi.

Majibu yalikuwa ya kubahatisha, kwa sababu hakuna aliyemwuliza mwenyewe akiwa hai. Wengine wanasema shule ilimpa Kilatini, na ukiwa na Kilatini Kifaransa hakiko mbali. Wengine wanasema alisoma vijitabu vya mazungumzo walivyouziwa wafanyabiashara. Lakini jibu lililomfanya Mutua agonge meza lilikuwa lingine. Yule bwana aliwahi kupanga chumba London kwa familia ya Wafaransa waliokimbia kwao kwa sababu ya dini. Walikuwa mafundi wa mapambo ya kichwa ya wanawake wa kitajiri. Tunajua alikaa nao kwa sababu ugomvi wao wa kifamilia ulifika mahakamani, naye akaitwa kutoa ushahidi.

"Unaona?" Mutua akapiga kelele. "Jamaa alikuwa mpangaji, just like me! Alikula kwao, akasikia wakigombana, lugha ikaingia yenyewe."

Mama akauliza tunacheka nini. Mutua akamweleza kwa Kifaransa chake kipya, akikwama na kujikwamua, na Mama akasikiliza mpaka mwisho bila kumsaidia. "Donc, ule mama wa nyumba ndio alikuwa mwalimu," akasema, akaridhika, akalivuta daftari.

Niliwapenda sana wale wakimbizi wa London. Kitabu kimoja kilikuwa na mchoro wa watu wa zama zao wenye kola nyeupe zilizokunjwa kunjwa, wima shingoni. Wakimbizi niliowajua mimi walivaa makoti ya kupewa na kanisa, yenye zipu iliyokufa. Niliandika kurasa tano juu ya yule mama mwenye nyumba, nikamsifu, nikasema huenda bila meza yake dunia ingekosa onyesho lile. Nami nilikuwa nikiandika juu ya meza iliyokuwa na madoa ya wino mwekundu wa Mama. Naapa sikuona. Nimejaribu mara nyingi kujiambia kwamba niliona nikajitia hamnazo, kwa sababu ubaya angalau una akili, lakini hapana, sikuona. Niliisoma kazi yangu mbele ya darasa, wakapiga makofi, Bi Hanley akaibandika ukutani.

Baada ya wiki mbili wazazi wakaitwa. Mama alivaa liputa yake ya njano, vazi lake la kitenge la harusi za watu, na kitambaa kikubwa cha kichwa kilichosimama kama mnara. Alijipaka mafuta hadi uso ukang'aa. Wasichana wa darasa langu walikuwa wamejipanga kwenye makabati ya koridoni, nao wakageuka wote kwa pamoja, mmoja akaziba mdomo. Uso ulinishuka. Nikaongeza mwendo ili niwe hatua mbili mbele yake, kama mtu aliyetokea tu kuelekea upande uleule.

Bi Hanley alizungumza polepole akimtazama Mama, si mimi. Alisema kazi yangu ndiyo bora darasani. Nikatafsiri, Mama akanishika goti chini ya meza. Kisha Bi Hanley akaniuliza nani alinisaidia kuelewa Kifaransa kilichomo.

"Mpangaji wetu," nikasema. "Yuko chuo kikuu."

"Nauliza kwa sababu mwalimu wetu wa Kifaransa anatafuta msaidizi," Bi Hanley akasema. "Mtu wa kuzungumza na wanafunzi, alasiri tatu kwa wiki, kwa malipo. Kiingereza si lazima, makaratasi tutamsaidia. Ninyi mmetoka Kongo. Mama yako anazungumza Kifaransa?"

Mama alilidaka lile jina la lugha. Akanyanyuka kidogo kitini. "Anasema nini ju ya Français?"

Nilikuwa na nafasi ya pumzi moja. Nikaiona liputa ya njano ikipita koridoni alasiri tatu kwa wiki. Nikawasikia wasichana wakiiga r yake, kisha wakiniuliza mimi kama yule ni nani wangu.

"Anasema mwaka kesho nichukue somo la Kifaransa," nikamwambia Mama. Halafu nikamgeukia Bi Hanley, uso mkavu. "Kidogo tu. Mama hakwenda shule. Hajui kusoma wala kuandika."

Hilo la mwisho sikuulizwa. Nililiongeza mwenyewe ili mlango ufungwe kabisa.

Bi Hanley akasema pole, akaweka mkono wake juu ya mkono wa Mama. Mama akadhani anapongezwa. "Thank you, Madame," akasema, "thank you, thank you," na machozi ya furaha yakamlengalenga. Nilitamani sakafu ile inayong'aa ipasuke. Palikuwa na karatasi ya mzazi kutia saini, na chini yake mistari mitupu ya maoni. Bi Hanley akamwonyesha kwa kidole, kwa upole mwingi, mahali ambapo angeweza kuweka hata alama.

Mama akafungua mkoba. Akatoa miwani, akaipangusa kwa pindo la liputa, akaivaa. Akaichukua kalamu, akainama, akaandika. Hakutia saini kwanza. Alianza na mistari ya maoni, akaijaza yote minne kwa ule mwandiko wa walimu wa kwetu, herufi zimelala upande mmoja, zimeshikana mikono, mkia wa kila moja umefika mahali pake. Aliweka nukta ya mwisho, akasoma tena, akasahihisha alama moja juu ya herufi, ndipo akatia saini. Bi Hanley aliutazama ule mkono tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Kisha akanitazama mimi. Mimi ndiye niliyeshindwa kunyanyua macho.

Siku ya tatu aliniita baada ya kipindi. Alikuwa amempelekea mwalimu wa Kifaransa ile karatasi. "Mama yako ameandika kwamba ananishukuru kwa kukufundisha," akasema. "Ameandika kwamba yeye pia ni mwalimu, na anaujua uchovu wangu." Akanipa bahasha yenye fomu ya kazi na barua, mwisho wa kurudisha ni baada ya majuma mawili. "Mpe mkononi," akasema.

Bahasha ilikuwa na jina la Mama, kamili, kwa chapa. Nilifika nayo nyumbani. Mama alikuwa jikoni anachambua sombe, akaiona, akauliza kama kawaida, "Ile ni ya nini?" Nikasema ni tangazo. Akarudi kwenye majani yake. Ningeweza kuificha, na kama ningeificha labda siku moja ningeitoa, kwa hiyo sikujipa nafasi hiyo. Niliiweka katikati ya matangazo ya pitsa na mazulia, nikayabeba yote hadi pipa kubwa la taka nyuma ya nyumba, nikarudi nikanawa mikono.

Katika majuma hayo mawili Mutua akafaulu mtihani. Alikuja na keki na mguu wa mbuzi kutoka duka la Morse Road, akamsimamisha Mama sebuleni, akatoa hotuba kwa Kifaransa, sentensi nzima, kuanzia mwanzo. Kisha akasema kwa Kiswahili ili na mimi nisikie, "Mama Furaha, kusema ukweli, maprofesa wangu hawakufikii. Wewe unafaa kuwa shuleni. Seriously."

Mama akajipangusa macho kwa kiganja, huku anacheka. "Na huku nani ataniita?"

Fomu ilikuwa bado na siku nne. Ningeweza kumwambia pale pale, mdomo wangu ukiwa na keki, kwamba ameitwa, kwa jina, na kwamba Bi Hanley angetoa fomu nyingine bila swali. Niliinuka nikaenda kuosha sahani. Hakuna aliyenituma. Mutua hata akanisifu.

Bi Hanley aliniuliza mara moja tu. Nikamwambia Mama amekataa, anapendelea ghalani. Akaitikia kwa kichwa. Tangu siku ile alinisahihishia kazi zangu kwa haki na kunisalimu vizuri, lakini hakuniuliza tena habari za nyumbani, nami nikashukuru, jinsi nilivyokuwa mjinga.

Mwaka haukuisha, ghala likapunguza watu, na Mama akawa wa kwanza. Binamu yake akatuita Buffalo, akisema Tonawanda, jirani na hapo, kuna viwanda. Mutua alitubebea masanduku, akalia bila kuona haya. Tangu wakati huo Mama anasimama kwenye mashine ya kufungasha vipuri, amevaa viatu vyenye chuma mbele, kati ya watu wasiozungumza lugha yake hata moja. Kifaransa chake sasa kinatoka pale tu anapojigonga kidole. Darasani hakuingia tena. Nilimaliza shule, nikapata kazi ya ofisini, na kila mtu anamwambia ana bahati ya binti anayemjali.

Baada ya mkutano wa Elia nilikaa siku mbili sili vizuri. Jumamosi asubuhi nikamkuta Mama sebuleni, ameketi kwenye kochi anavaa viatu vya kazi, maana kulikuwa na zamu ya ziada. Nikakaa sakafuni mbele yake nikamwambia. Nilimwambia yote, kwa Kiswahili, bila kufupisha, nikitafsiri kila neno la Bi Hanley kama nilivyopaswa kulitafsiri siku ile. Nilimwambia habari ya bahasha, na pipa, na sahani. Nilitaka anipige. Nilitaka angalau anitukane, kwa lugha yoyote aliyoitaka.

Alibaki ameshika kamba ya kiatu, hajaifunga.

"Ilikuwa siku ngapi kwa juma?" akauliza.

"Tatu."

"Asubuhi?"

"Alasiri."

"Batoto ba miaka ngapi?"

"Kumi na tatu, kumi na nne. Wa rika langu."

"Ile ni miaka muzuri," akasema. "Bakiwa na ile miaka, banashika mbio." Akafunga kamba, mafundo mawili. "Na balikuwa bangapi?"

Nikasema sijui. Bi Hanley hakuniambia, na mimi sikuuliza.

"Haukuuliza."

Akasimama. Akautazama ukuta wa sebule, upande ule usio na picha, midomo ikihesabu bila sauti kama aliye mbele ya madawati, kutoka kushoto kwenda kulia, kisha safu ya nyuma. Nje gari la wenzake likapiga honi.

"Bon," akasema. "Tuseme makumi mbili." Akachukua mfuko wake wa chakula, akatoka.